Ulimi na Kiberiti

Ukitaja kazi ya kuonja vileo, watu wengi humfikiria Mzungu aliyevaa tai, ameshika bilauri yenye shina refu, anainusa kana kwamba ametafuta ua. Sisi tuliokulia Rungwe tulimjua muonjaji mwingine, naye hakuwa na tai.

Pombe ya heshima kwa Wanyakyusa ilikuwa kimpumu. Ulezi huoteshwa ukawa kimea, hukaushwa, husagwa, kisha huachwa uchachuke. Wakati wa kunywa humiminiwa maji ya moto, na wanywaji huvuta kwa mrija wenye kichujio. Maji huongezwa tena na tena, na hapo ndipo ubora hupimwa: kimpumu kizuri hustahimili maji mengi kabla ladha haijafifia, ila kibaya hukuacha unafyonza maji ya moto matupu. Lakini kabla ya yote mwenyeji huonja mwenyewe, wageni wakimtazama. Vijana hudhani ni adabu tu. Ulikuwa ushahidi: aliyeleta amekunywa, na bado ameketi nasi. Godfrey na Monica Wilson, wanazuoni walioishi huku kati ya 1934 na 1938, waliona jinsi watu walivyothamini kukaa pamoja, hata Monica akakiita kitabu chake cha 1951 Good Company.

Pombe kali ya kukenekwa ilikuja kwa njia nyingine. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia vileo vikali katika sehemu kubwa ya Afrika, na ule wa Saint-Germain wa 1919 ukaendeleza makatazo hayo. Serikali ya Waingereza hapa Tanganyika iliwazuia Waafrika kunywa vinywaji hivyo hadi miaka ya 1950. Mzungu alikunywa wiski yake barazani. Sisi, aliyetaka kileo kikali alikikeneka kwa pipa na mrija wa shaba, usiku, mtoni. Basi wazazi wetu hawakupata nafasi ya kujifunza kuonja kitu hicho kwa utulivu. Kinachonywewa kwa kificho humezwa haraka.

Baada ya Uhuru ikatungwa Sheria ya Moshi ya 1966, ikakataza kukeneka bila leseni. Moshi ndiyo gongo hiyo hiyo, kwa jina la mvuke wake. Jirani zetu wa Uganda walikuwa na mpango ambao mimi nauona wa busara zaidi: wakenekaji wa vijijini, wakiwa na leseni, wauze enguli yao kiwandani isafishwe, na humo ikatoka Uganda Waragi. Kwetu, kiwanda cha Dar es Salaam kikatupa Konyagi, yenye asilimia 35 ya kileo, na gongo ikabaki migombani.

Huko migombani palikuwa na mtaalamu wake. Mzee mmoja jirani yetu alimimina gongo kidogo kwenye kijiko, akawasha kiberiti. Moto wa buluu ukishika, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Msimcheke. Waingereza nao zamani walilowesha baruti kwa kileo na kuiwasha. Ikilipuka, kileo kimethibitika. Ni mwaka 1816 tu ndipo sheria yao ilipokipa nafasi kipimo cha Sikes, kinachoelea ndani ya kileo na kuonyesha nguvu yake.

Lakini baruti na kijiko hupima nguvu, havipimi usalama. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu niliwahi kuwauliza wanachuo wa sayansi: je, ulimi unaweza kutambua methanoli? Walibishana kipindi kizima. Ukweli ni kwamba methanoli nayo huwaka moto wa buluu hafifu, nayo huchangamka kama kileo cha kawaida. Ikichanganywa humo, mnywaji hana habari. Saa nyingi baadaye mwili umeigeuza kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa macho. Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru kwa Njenga, Nairobi, pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100, na wengine wakabaki vipofu. Hao hawakukosa ulimi.

Hata ndimi zilizosomea hudanganyika, ingawa kwa hasara ndogo zaidi. Tarehe 24 Mei 1976, mjini Paris, waonjaji mashuhuri wa Ufaransa walipewa mvinyo bila kuonyeshwa majina ya chupa, wakaipa ya California nafasi ya kwanza. Ningependa siku moja mvinyo wa Dodoma uonjwe hivyo, karatasi zikiwa zimebanduliwa, maana wapo wanaoudharau kabla hawajaunusa.

Machi 2017 viroba vilipigwa marufuku nchini, nami nilifurahi. Kile kifuko hupasuliwa kwa meno na kumiminwa kooni. Pua haipati hata nafasi.

Siku hizi chupa za dukani zina stempu ya kodi, na watu huitazama kama ile onjo la mwenyeji, ingawa inachosema hasa ni kwamba kodi imelipwa. Miaka michache iliyopita, katika harusi moja hapa Kiwira, kijana alitupitishia sisi wazee chupa ya maji ya dukani iliyojazwa kitu kingine, isiyo na karatasi. Nikamwambia, “Mwanangu, anza wewe.” Akacheka, akasema anakwenda kuleta bilauri. Tulimngoja hadi bibi harusi akaondoka.