Milima Yetu na Walaji wa Shaba

Yatupasa kukumbuka pia inchi iliyotupokea. Vijana wengi wa Kolwezi hudhani ya kuwa historia yake ilianza siku Wazungu walipoleta mashini. Sivyo hata kidogo.

I. Inchi yenyewe

Sisi tunakaa juu. Mji wa Kolwezi uko zaidi ya mita 1.400 juu ya bahari, na nyanda za Manika na Biano zatupa baridi kali mwezi wa Juni. Mto Lualaba huzaliwa kusini, karibu na mpaka wa Zambia. Hufika kwetu taratibu, kisha hupasua mawe penye makorongo ya Nzilo, na kushuka kwa nguvu mpaka bonde la Kamalondo, penye maziwa ya Upemba na Kisale.

Katikati ya msitu vimesimama vilima visivyo na miti. Shaba iliyomo udongoni huzuia miti kuota. Hubaki majani na maua madogo yanayovumilia udongo ule. Kwa alama hiyo, na kwa mawe ya rangi ya kijani, wazee walitambua mahali pa kuchimba.

II. Kula shaba

Kazi hiyo iliitwa kula shaba. Mwaka 1926 Monsinyori de Hemptinne, Mbenedikto, alitoa maandiko juu ya hao walaji wa shaba wa Katanga. Wazee walilima kwanza. Baada ya mavuno, mvua ikiisha, ndipo walipopanda vilimani. Walichimba, wakachagua mawe mazuri, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, na mafundi wakavukuta moto wa makaa. Shaba waliimimina katika umbo la msalaba. Msalaba ule haukuwa alama ya imani yetu. Ulikuwa mali, kwa biashara na kwa mahari. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walifukua makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wakakuta misalaba ya namna hiyo karibu na mifupa ya wafu. Basi, shaba ya vilimani ilikwisha kufika maziwani karne nyingi kabla ya gari la moshi.

Katika karne ya 19 walikuja Bayeke kutoka Unyamwezi, na mfalme wao Msiri akatawala toka Bunkeya. Shaba na pembe za ndovu zikaenda Angola na pwani ya mashariki, nao watumwa pia, jambo tusiloweza kulificha. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu waliotumwa na Leopold wa Pili.

III. Kampani

Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli ilifika Élisabethville mwaka 1910, na mji wa Kolwezi ukaanzishwa mwaka 1937. Wafanyakazi walitoka Kasai, Rwanda na Rodezia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Myaka ya 1950 Lualaba ilizuiwa kwa mabwawa huko Nzilo na Nseke, ili itoe umeme. Mwaka 1967 serikali ilitwaa machimbo, na kampani ya taifa ikaitwa baadaye Gécamines.

Kampani ilileta mshahara, masomo na hospitali. Wengi wetu tulikua kwa posho yake. Lakini kula shaba hakukufuata tena majira. Mashini zilichimba masika na kiangazi, usiku na mchana. Septemba 1990 machimbo ya Kamoto yalibomoka chini ya ardhi, na mapato ya inchi yakaanguka pamoja nayo. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, kobalti ilionekana chini ya nyumba, na watu wakachimba mashimo ndani ya nyua zao.

IV. Tuwaachie nini wajukuu?

Kilima kikiisha kuwa shimo, hakirudi. Pamoja nacho hupotea kijito, shamba, makaburi na jina lenyewe. Wazee walikula shaba, lakini hawakuacha jembe. Kwa hiyo tunawaomba wakristu wa kila jumuiya: waulizeni wakubwa majina ya vilima, ya vijito na ya vijiji vilivyohamishwa, mkayaandike katika daftari litakalowekwa parokiani. Kazi hiyo ifanyike upesi, maana wanaoyajua majina hayo wamebaki wachache.