Chungu cha Shule: Habari za Shinyanga na Nchi ya Dhahabu

Maneno yangu ya leo ni habari ya chungu cha shule. Labda mtu atasema kwamba historia ni habari za vita na za watawala, wala haina kazi na uji. Lakini chungu nacho kina historia, na katika nchi ya Shinyanga na Geita yafaa tuijue.

Sisi walimu twamtambua upesi mtoto aliyekuja na njaa. Saa mbili asubuhi huinua mkono na kujibu vizuri. Ifikapo saa tano macho yake yako ubaoni, lakini akili yake imekwisha rudi nyumbani jikoni. Ametoka kwao kabla ya jua kuchomoza, na huenda asirudi mpaka saa tisa alasiri. Mtoto huyo si mvivu wala si mjinga. Ana njaa tu.

Hapo zamani mtoto wa Kisukuma alilishwa na zizi na shamba. Alikunywa maziwa, alikula ugali wa mtama au wa uwele, pamoja na mlenda au majani ya kunde. Viazi vitamu vilipovunwa, mama zake waliweka akiba ya kiangazi: vilivyokatwa vibichi na kuanikwa juani viliitwa michembe, na vilivyochemshwa kwanza viliitwa matobolwa. Akiba ile ndiyo iliyowavusha watoto miezi ya ukame.

Kisha katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki ukaua ng'ombe wasiohesabika. Ng'ombe walipokufa maziwa yalikoma. Tena malisho yasiyoliwa yaligeuka vichaka, na vichaka vikaleta mbung'o, nao wakazidi kuangamiza mifugo iliyosalia. Katika miaka ya 1920, wakati wa Mtemi Makwaia, watu wa Shinyanga walitoka kwa maelfu wakati wa kiangazi, wakafyeka vichaka kwa shoka, wakiongozwa katika kazi hiyo na Bwana C. F. M. Swynnerton. Nchi ikafunguka, na ng'ombe wakarudi.

Lakini miti ilizidi kukatwa miaka mingi, hata udongo ukachoka na nchi ikakauka. Kwa hiyo mwaka wa 1986 serikali ilianza kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, au HASHI. Wakulima wakazifufua ngitili zao za asili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate kula wakati wa kiangazi. Kazi hiyo ilipokwisha mwaka wa 2004, ngitili zilizohifadhiwa zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Maziwa ya mtoto na kuni za kupikia uji wake hutoka humo. Basi neno la kwanza ni hili: chakula cha mtoto huanzia katika ardhi, na mlinzi wa ardhi ni mwenyeji.

Tuje sasa kwenye dhahabu. Mgodi wa zamani wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hata ulipofungwa mwaka wa 1966. Siku zile za ukoloni kibarua wa mkataba alipewa posho ya chakula pamoja na mshahara wake, maana bwana alijua kwamba mwenye tumbo tupu hawezi kuvunja mwamba. Lakini mtoto wa shule ya kutwa hakuwekewa posho. Alichukua kiazi mfukoni, au hakuchukua kitu. Aliyechimba mawe alihesabiwa kuwa anafanya kazi, na aliyejifunza kusoma hakuhesabiwa.

Wala msidhani kwamba jambo hili lilionekana upesi katika nchi nyingine. Waingereza walipoandikisha askari kwa vita vya Makaburu, vya mwaka wa 1899 hata 1902, waliona kwamba vijana wengi wa miji yao ni dhaifu, hawafai kwa vita. Ndipo mwaka wa 1906 ikatungwa sheria ya kuzipa serikali za miji ruhusa ya kuwalisha watoto shuleni. Ruhusa peke yake haikutosha, kwa kuwa miji mingine iliitumia na mingine iliiacha. Mwaka wa 1944 sheria nyingine ikaifanya kazi hiyo kuwa wajibu. Huko India nako, Bwana K. Kamaraj alipokuwa waziri mkuu wa jimbo la Madras katika miaka ya 1950, alieneza chakula cha mchana shuleni ili watoto wa maskini wapate kusoma. Mwaka wa 2001 mahakama kuu ya nchi iliamuru majimbo yote yawape watoto wa shule za msingi chakula kilichopikwa.

Jirani zetu wa Kenya nao walijaribu. Mwaka wa 1979 Rais Moi alianzisha maziwa ya shule, na watoto wakayaita Maziwa ya Nyayo. Yalipendwa sana, lakini yalitegemea fedha za hazina, na katika miaka ya 1990 yalikoma. Wazee husema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Na sisi je? Mwaka wa 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maelezo ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka kila shule iwe na shamba au kazi nyingine ya kuzalisha mali. Mwaka wa 1977 mlango wa elimu ya msingi ulifunguliwa kwa watoto wote, na madarasa yakajaa. Lakini mashamba hayakukua kama madarasa yalivyokua. Tena mahali pengine watoto walilima, na mavuno hayakurudi katika sahani zao. Hapo jembe la shule likapata jina baya, likaonekana ni adhabu.

Mwaka wa 2016 ada na michango ya lazima iliondolewa hata kidato cha nne. Lilikuwa jambo jema, lakini wazazi wengi walifahamu kwamba chakula nacho kimo katika neno "bure", wakaacha kuleta mahindi, na vyungu vingi vikapoa. Lakini waraka wa serikali wa mwaka huo huo wa 2016 ulieleza kwamba chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni juu ya mzazi. Tena mwaka wa 2020 ulitolewa mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni.

Tufanye hesabu kidogo. Mtoto mmoja akipewa unga gramu 100 kwa siku, kwa siku 194 za masomo, atakula kilo 19 na nusu hivi, yaani kama debe moja la mahindi kwa mwaka. Akiongezewa maharage gramu 30 kwa siku, hazifiki kilo 6. Kwa mzazi mmoja mwenye mavuno mema mzigo huo wachukulika. Lakini shule ya watoto 500 yahitaji gunia 97 za kilo mia mia, na shamba la shule katika nchi kame haliwezi kuzitoa peke yake. Haba na haba hujaza kibaba, lakini sharti kila mmoja alete haba yake, na aliyekosa mavuno asaidiwe, mtoto wake asifukuzwe penye uji.

Tena angalieni kinachopikwa. Dona ina nguvu kuliko sembe, kwa sababu kukoboa huondoa kiini na ganda lenye vitamini na madini. Unga wa karanga hutia uji nguvu. Viazi lishe, vyenye rangi ya chungwa, hulinda macho. Lakini mahindi na karanga vikaushwe sana kabla ya kuwekwa ghalani, kwa maana ukungu una sumu iitwayo sumukuvu, nayo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka wa 2016.

Hatusemi kwamba uji wa shule huponya kila kitu. Mwaka wa 1991 na 1992 karibu nusu ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka wa 2022 walikuwa 30 katika kila 100. Kudumaa huanza tumboni mwa mama na katika miaka miwili ya kwanza, nako huzuiwa nyumbani na zahanati. Lakini njaa ya saa tano, hiyo uji huiondoa siku ile ile.

Na tukiiacha, kuna mwingine anayemngoja mtoto. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa tena mwaka wa 2000, na wa Bulyanhulu mwaka wa 2001, na wachimbaji wadogo wamejaa katika nchi hizo. Mwaka wa 2013 shirika la Human Rights Watch lilieleza habari za watoto waliofanya kazi katika machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, wakishuka mashimoni na kushika zebaki yenye sumu. Mwenye njaa hana miiko. Mtoto asiyekuta chochote shuleni, naye anajua kwamba machimboni atapata shilingi za kununulia chapati, atakwenda wapi?

Basi wazazi, mkutano wa kijiji utakapoitwa baada ya mavuno, msiende mikono mitupu, tena mwulize hesabu ya kila debe lililotolewa. Chungu kinachohesabiwa mbele ya watu hudumu. Nanyi walimu wenzangu, mazao ya watoto yaliwe na watoto. Dhahabu ya nchi hii ina siku yake ya kwisha, kama ilivyokuwa Geita mwaka wa 1966, lakini mtoto aliyeshiba na kujifunza atabaki.