Picha ya anga zima la usiku inapigwaje?

Wadau, ile picha ndefu ya nyota inayozunguka mitandaoni, yenye utepe mweupe umekatiza katikati, wengi wanadhani imepigwa kwa darubini kubwa kama nyumba. Wapi! Ile maarufu ya mwaka 2009 ilipigwa kwa Nikon D3, kamera ya dukani kabisa. Aliyeipiga ni Mfaransa Serge Brunier, akishirikiana na ESO, shirika la Ulaya lenye vituo vya kutazama nyota kule Chile.

Siri yake ni kuunga. Unapiga anga kipande kipande, vipande vinalaliana kidogo, halafu kompyuta inavishona. Brunier alipata vipande karibu 300, kila kimoja akakipiga mara nne, yaani karibu picha 1200, kila moja dakika sita. Kazi ilianza Agosti 2008 ikaisha Februari 2009, na picha iliyotoka ina nukta milioni 800. Ila Chile iko kusini mno, nyota za kaskazini kabisa hazichomozi kule. Ikabidi asafiri mpaka La Palma, Visiwa vya Kanari, akamalizie huko.

Sasa hapa ndipo pa kwetu. Mtu wa Mwanza au Nairobi yuko jirani na ikweta. Ndani ya mwaka mmoja karibu anga lote linapita mbele yake, bila kupanda ndege. Zile za ncha tu ndizo zinabaki chini kabisa, kwenye vumbi la upeo.

Kinachotuangusha ni taa. Ukiwa Kariakoo utapiga picha ya taa za barabarani tu. Toka nje ya mji, tena siku za giza, zile wavuvi wa dagaa wanazozingojea, maana mwezi ukiwaka umeumia. Kwa sehemu nyingi za Tanzania Juni hadi Agosti ndio penyewe: ni kiangazi, na kitovu cha Njia ya Maziwa, upande wa Nge na Mshale, kinakuwa juu usiku.

Brunier alikuwa na mtambo wa kugeuza kamera ifuate nyota, ndiyo maana aliweza dakika sita. Wewe mwenye stendi ya miguu mitatu tu, gawanya 300 kwa milimita za lenzi yako. Lenzi ya 18 inakupa kama sekunde 16. Ukizidisha, nyota zinakuwa vijistari virefu kama mchele. Fungua tundu la lenzi lote, ISO 3200, zima fokasi ya otomatiki na ulenge nyota kali mwenyewe mpaka iwe kidoa kidogo kabisa.

Kamera isimame wima. Kila picha irudie theluthi ya iliyopita, na setingi usiziguse tena. Halafu hakuna kupiga stori: anga linahama digrii moja kila dakika nne, miti haihami, kwa hiyo ukichelewa programu haijui ifuate kipi. Kabla hujafungasha hakikisha hujaruka kipande. Tobo la katikati ni kazi kuliziba baadaye.

Kushona tumia Hugin, ni ya bure. Ila ni nzito, na kafe nyingi haziruhusu kuingiza programu, kwa hiyo ongea na mwenye kafe mapema, na picha uzipunguze ukubwa kwanza.