Kasha la Ward na Istilahi za Kufungasha Mimea

Katika kutafsiri maelekezo ya kufungasha maua na miche, maneno «funga kabisa» huandikwa upesi, kana kwamba mzigo ni sabuni. Historia ya kasha moja la kioo yatuonyesha kwa nini maneno hayo yaweza kuua mzigo wenyewe.

Hadi mwanzoni mwa karne ya 19, mimea mingi iliyosafirishwa baharini ilikufa njiani. Sitahani iliunguzwa na upepo wa chumvi. Ngamani ilikosa mwanga. Na maji matamu yalikuwa haba hata kwa mabaharia. Mwaka 1829 Nathaniel Bagshaw Ward, tabibu wa London, aliweka kifukofuko cha nondo katika udongo mbichi ndani ya chupa iliyofunikwa. Pasipo kutarajiwa, kangaga na nyasi vikachipua humo. Unyevu ulipanda, ukawa matone kiooni, kisha ukarudi udongoni. Mwaka 1833 makasha mawili ya mbao na kioo, yaliyobuniwa kwa kanuni hiyo, yalipelekwa Sydney, na mimea ikafika hai. Mwaka 1834 yalirudi London na mimea ya Australia, nayo ikafika salama.

Matokeo yake hayakuishia bustanini. Kati ya 1848 na 1851 Robert Fortune alitumia makasha hayo kuhamisha chai kutoka China hadi India. Mwaka 1876 Bustani za Kew zilipeleka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, miche ya mpira zaidi ya 1,900 katika makasha 38. Mbegu zake zilitoka Brazili; na mashamba ya Asia yalipokomaa, biashara ya mpira wa Amazon iliporomoka katika miaka ya 1910. Kifungashio kilihamisha mmea, na pamoja nao riziki ya watu.

Sasa tutazame lugha. Ward mwenyewe alieleza kwamba kasha lake halikukusudiwa kuzuia hewa isipite kabisa. Hapa Kiswahili kinatupa vitenzi vinavyotofautiana wazi: *kufunika* ni kuweka kifuniko, *kuziba* ni kutoacha upenyo, *kufungasha* ni kutayarisha mzigo kwa safari, *kupakia* ni kuuingiza chomboni. Kasha la Ward lilifunikwa, halikuzibwa.

Maua yaliyokatwa yana sharti jingine. Hayana mizizi, lakini yangali yakipumua na kutoa joto. Ndiyo maana maboksi yanayosafirisha maua ya Naivasha kwa ndege hutobolewa matundu ili hewa baridi ipite kati ya mashada. Mpakiaji akisoma «ziba boksi» akayafunika matundu hayo kwa utepe, joto litabaki ndani na maua yatanyauka kabla ya kufika sokoni. Mkulima wa pwani anayesuka pakacha la makuti huijua kanuni hii: mzigo unaopumua huachiwa upenyo.

Kwa hiyo tunapendekeza *kasha la Ward* kwa chombo cha kihistoria, na *boksi la matundu* kwa lile la maua. *Kasha hai* halifai, kwa kuwa kilicho hai ni mmea. Tunawaomba wafasiri na walimu wayapime maneno haya kazini. Na kabla ya kuandika *funga*, wajiulize kwanza kama mzigo unapumua.