Chama Kilipokaa Kimya: Mfanyakazi na Sheria mjini Kampala

Mwaka 2018 mjomba wangu aliachishwa kazi katika ghala moja karibu na Old Kampala. Alikuwa ametumika hapo miaka tisa. Barua aliyopewa ilikuwa ya aya mbili, kwa Kiingereza: mali imepotea katika zamu yake, kwa hiyo hahitajiki tena. Hakuwa ameitwa kujieleza. Mjomba ni Mnubi wa Bombo. Kinubi na Kiswahili ndizo lugha zake. Akaniletea barua nimsomee.

Kila mwezi alikuwa akikatwa ada ya chama cha wafanyakazi, basi tukaenda chamani kwanza. Tukaambiwa tusubiri, mazungumzo yanaendelea. Tulisubiri wiki kumi. Baadaye tukapata habari kwamba chama kilikwisha kumwambia mwajiri kuwa hakitapinga uamuzi wake.

Insha hii inajibu maswali mawili yaliyonikaa tangu siku ile. Kwanza, chama kilichoundwa kumtetea mfanyakazi huwaje kikamwacha? Pili, aliyeachwa na mwajiri na chama pia, sheria inampa nini?

Historia ya kazi ya mshahara Kampala inaanzia kwenye kilima chetu. Hapa ndipo Kapteni Lugard alipojenga boma lake mwezi Desemba 1890, na mji ukakua kuanzia hapo kwa mikono ya wapagazi, wajenzi, makarani na, baadaye, madereva. Sheria ya kwanza ya vyama vya wafanyakazi Uganda ilitungwa mwaka 1937, na ilitaka kila chama kiandikishwe serikalini. Kwa hiyo tangu mwanzo chama kilikuwa na macho mawili: moja kwa wanachama, jingine kwa msajili. Miongoni mwa vyama vya mwanzo kilikuwa chama cha madereva wa magari, kilichoongozwa na James Kivu mwishoni mwa miaka ya 1930.

Januari 1945 migomo ya kudai mshahara iliikumba Kampala na kuenea Buganda na kwingineko. Gharama za maisha zilikuwa zimepanda wakati wa vita, na mshahara haukufuata. Mgomo ulichanganyika na siasa za Mengo, hata Mweka Hazina wa Buganda, Serwano Kulubya, akajiuzulu. Serikali ya kikoloni iliunda tume chini ya Jaji Norman Whitley, na watu kadhaa walioshukiwa kuwa viongozi wakahamishiwa mbali na makwao. Viongozi wa vyama waliofuata walikuwa na sababu ya kuogopa.

Uhuru haukuondoa mkono wa serikali. Shirikisho la vyama lililoanzishwa mwaka 1955 lilipata mpinzani mwaka 1964. Mwaka 1966 serikali ikataka pande zote ziwe kitu kimoja. Na mwaka 1973, chini ya Idi Amin, likaundwa shirikisho moja la taifa, NOTU. Pamoja na hayo kuna jambo la fedha. Kwa kawaida ada hukatwa na mwajiri kwenye mshahara, kisha yeye ndiye huipeleka chamani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye jibu la swali la kwanza. Chama kinachohitaji kibali cha serikali na kupokea fedha zake kupitia mkono wa mwajiri hupima mara mbili kabla ya kugombana kwa ajili ya mtu mmoja. Sisemi vyama vyote viko hivyo. Viko vilivyopigania mishahara na kushinda. Lakini nguvu ya chama ni kuzungumza kwa ajili ya wengi, na mjomba alikuwa mmoja.

Jibu la swali la pili ni la karibuni zaidi. Katiba ya 1995, ibara ya 40, inalinda haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Mwaka 2006 Bunge lilipitisha sheria nne za kazi kwa pamoja. Sheria ya Ajira inasema kwamba mfanyakazi anayetuhumiwa kosa asikilizwe kabla ya kufukuzwa, na aruhusiwe kuja na mtu aliyemchagua mwenyewe. Akifukuzwa isivyo haki, anaweza kupeleka malalamiko kwa ofisa wa kazi yeye mwenyewe, bila kupitia chama. Ila ana miezi mitatu tu. Asiporidhika na uamuzi wa ofisa, anaweza kukata rufaa katika Mahakama ya Viwanda, ambayo majaji wake walianza kazi mwaka 2014 baada ya miaka mingi ya kungojwa.

Miezi mitatu hiyo sisi hatukuijua. Tuliambiwa na wakili kijana katika kituo cha msaada wa kisheria, huduma ambayo Chama cha Wanasheria cha Uganda kilianza kuitoa kwa wasiojiweza mwaka 1992. Alitazama tarehe ya barua, akauliza, "Mzee, mlikuwa wapi?" Zilibaki siku kumi na nane. Malalamiko yakaandikwa siku ileile.

Mbele ya ofisa wa kazi mwajiri hakuweza kuonyesha kwamba mjomba alisikilizwa. Walipatana: alilipwa notisi na malimbikizo yake. Kazi hakurudishiwa, na jina lake halikusafishwa kwa maandishi. "Mpwa wangu," aliniambia tukiteremka kuelekea stendi, "miaka tisa nimelipa ada, na hakuna aliyenitajia miezi mitatu."

Kiswahili kiliingizwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Lakini barua ya mjomba, sheria iliyomwokoa na fomu aliyotia sahihi, zote zilikuwa kwa Kiingereza. Wapagazi wa Congo, Wanubi na wengine wengi wanaofanya kazi chini ya kilima hiki huelewana kwa Kiswahili. Sisi tunaojifunza lugha hii tumezoea kuuliza itatusaidia nini. Tungeweza kuanza na karatasi moja iliyobandikwa penye ghala, yenye maneno machache: ukifukuzwa, una miezi mitatu.