Kutoka Mbele ya Kamera hadi Haki ya Kuamua: Wanawake katika Filamu ya Tanzania na Funzo la Msitu wa Mgori

Utangulizi

Historia ya filamu nchini Tanzania imeandikwa zaidi kupitia sera, kampuni na majina ya waongozaji. Katika historia hiyo mwanamke anaonekana mapema na mara nyingi, lakini kwa muda mrefu anaonekana akiwa mbele ya kamera. Makala haya yanafuatilia namna wanawake walivyovuka kwenda nyuma ya kamera tangu miaka ya 1980. Hoja kuu ni kwamba misaada waliyopewa iliwapa nafasi ya kutumia zana za filamu kuliko haki ya kuamua juu ya kazi yenyewe. Ili kuipima hoja hiyo, makala yanarejelea tukio lililo nje ya filamu, yaani kukabidhiwa kwa msitu wa Mgori, mkoani Singida, kwa vijiji vinavyoupakana katika miaka ya 1990. Mfano huo umechaguliwa kwa sababu unatenganisha waziwazi ruhusa ya kutumia mali na mamlaka ya kuisimamia.

Mwanamke kama Mhusika

Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na shughuli za kuingiza, kusambaza na kutengeneza filamu zikawekwa chini ya dola. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo, kwa takribani robo karne, kamera ilikuwa mikononi mwa taasisi chache za umma zenye makao Dar es Salaam. Asiyeajiriwa humo, au asiyepelekwa masomoni ng'ambo, hakuwa na njia ya kujifunza fani hiyo.

Filamu za kipindi hicho na zilizofuata hazikumsahau mwanamke. Arusi ya Mariamu (1985), iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, inamhusu mwanamke mgonjwa anayetafuta tiba kwa mganga wa jadi. Maangamizi (2001), ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, nayo imejengwa juu ya mateso na kumbukumbu za wanawake. Amandina Lihamba aliigiza katika filamu zote mbili, lakini uongozaji ulikuwa wa wanaume.

Jambo hilo linahitaji maelezo, kwa kuwa katika sanaa za maonyesho hali ilikuwa tofauti. Lihamba na Penina Muhando Mlama walikwisha kuandika, kuongoza na kufundisha tamthilia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1996 wakawa waasisi wa mradi wa Tuseme, ambao wasichana wa shule za sekondari walitumia sanaa za maonyesho kuyataja matatizo yao kwa vinywa vyao wenyewe. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa uhaba wa vipaji. Tamthilia huhitaji uwanja na watu. Filamu ya wakati huo ilihitaji kamera, ukanda, maabara na fedha za kigeni. Mahali ambapo zana zilikuwa ghali na zenye walinzi, mwanamke alibaki mwigizaji.

Waliovuka

Miongoni mwa waliovuka mapema ni Flora M'mbugu-Schelling. Baada ya Kumekucha (1987), alitengeneza These Hands (1992), filamu ya dakika 45 kuhusu wakimbizi wanawake kutoka Msumbiji waliokuwa wakiponda kokoto kwa mikono huko Kunduchi. Filamu hiyo haina msimulizi. Mtazamaji anaachwa na mlio wa nyundo, vumbi, watoto na nyimbo za wanawake hao. Uamuzi huo wa kutowasemea wahusika ni wa mwongozaji, na ndio unaoonyesha kwa nini cheo cha uongozaji kina uzito.

Mwaka huohuo, nchini Kenya, Anne Mungai alitoa Saikati, kuhusu msichana wa Kimaasai anayekimbia ndoa ya kulazimishwa. Mungai alikuwa zao la chuo cha umma cha mawasiliano cha Nairobi, kilichotoa mafunzo ya filamu kwa utaratibu wa kudumu. Nchini Tanzania hapakuwa na ngazi iliyo thabiti kiasi hicho, na mwanamke aliyefanikiwa alifanikiwa kwa njia yake mwenyewe.

Kampuni ya umma ilipodhoofika, nafasi yake ilichukuliwa na matamasha na warsha. Tamasha la Filamu la Zanzibar, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, lilipeleka maonyesho na mijadala ya wanawake katika vijiji vya Unguja na Pemba. Warsha za Maisha, zilizoanzishwa na Mira Nair mwaka 2004 huko Kampala, ziliwafunza vijana wa Afrika Mashariki uandishi na uongozaji. Wakati huohuo, filamu za video za Bongo zilipunguza gharama za utayarishaji. Sura za waigizaji wa kike zikauza kanda na diski, lakini mara nyingi haki zote za filamu ziliuzwa kwa msambazaji kwa malipo ya mkupuo. Umaarufu ulibaki kwa mwigizaji, na mapato ya baadaye yakaenda kwingine.

Binti (2021) inaonyesha mabadiliko ya aina nyingine. Hadithi yake ya wanawake wanne iliongozwa na Seko Shamte na kutayarishwa na kampuni ya Angela na Alinda Ruhinda, kisha ikafika Netflix. Hapa wanawake walishika hadithi, uongozaji na kampuni kwa pamoja.

Funzo la Mgori

Msitu wa Mgori ni wa miombo, katika Wilaya ya Singida. Serikali ilikusudia kuufanya hifadhi yake. Katikati ya miaka ya 1990 mpango huo ulibadilishwa, na vijiji vitano vikapewa kila kimoja sehemu yake ya kulinda, kutungia sheria ndogo na kusimamia. Kabla ya hapo wanavijiji walikuwa watumiaji wa msitu ambao maamuzi yake yalifanywa mbali nao. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka kwamba, kati ya wajumbe saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji, watatu wawe wanawake. Sheria haikuahidi kwamba sauti ya mwanamke ingesikilizwa, lakini ilimpa kiti ambacho hakikutegemea hisani ya mtu.

Misaada kwa wanawake wanaochipukia katika filamu imefanana zaidi na hali ya Mgori kabla ya makabidhiano: warsha ya wiki chache, kamera ya kuazima, tuzo, kisha kurudi nyumbani. Binti wa Mgori anaweza kuwa mhusika wa filamu ya mradi bila kuwa na neno kuhusu namna atakavyoonyeshwa.

Hitimisho

Usawa wa kijinsia katika filamu hauna budi kupimwa kwa maswali matatu: nani anamiliki hakimiliki, nani anaamua toleo la mwisho, na nani anaketi katika kamati inayogawa ruzuku. Mafunzo ni ya lazima, kama ujuzi wa msitu ulivyokuwa wa lazima Mgori. Hata hivyo, mafunzo yasiyofuatwa na umiliki huzalisha mafundi wa hadithi za wengine.