Kutoka Kilwa hadi Majengo: jinsi Waswahili walivyopoteza lango lao

Ukiingia Pumwani kwa Barabara ya Digo, ukishaipa mgongo kelele ya Gikomba, bado utakuta nyumba kadhaa za Majengo ya zamani katikati ya magorofa. Mbele pana kibaraza. Mlango unafunguka kwenye ukumbi mwembamba unaonyooka hadi nyuma, vyumba kulia na kushoto, na mwisho wa ukumbi kuna ua wenye jiko na choo. Kuta ni za fito na udongo, na juu, palipokuwa na madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, sasa pana mabati yaliyoshika kutu. Ramani hii haikubuniwa Nairobi. Ni nyumba ya Mswahili, ile ile ya Bagamoyo na ya Ng'ambo kule Unguja, na waliokuja nayo bara ni watu wa misafara, maaskari, wapishi na wapagazi.

Tukizungumza kuhusu staarabu zilizong'ara kisha zikafifia, tunakimbilia Misri na Roma. Lakini ustaarabu uliotupa Majengo nao uliwahi kung'ara, nao ulipoteza nguvu zake, na kisa chake kinatuhusu sisi wa Eastlands kuliko cha Roma. Mji huu wa Nairobi ni sehemu ya anguko lile.

Tuanze na Kilwa. Kisiwa hicho cha pwani ya kusini ya Tanzania kilitajirika kwa hesabu ya upepo. Kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka na kuleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi hugeuza mambo na kuvirudisha makwao. Chombo kilichotoka huko kiliweza kufika Kilwa, kikauza, kikanunua na kurudi ndani ya msimu. Kikisogea kusini zaidi, kilijiweka katika hatari ya kukwama hadi mwaka unaofuata. Lakini dhahabu ilikuwa huko kusini, Sofala, ambako ilishuka kutoka nyanda za Zimbabwe. Watu wa Kilwa wakajiweka katikati: wao ndio walioifuata dhahabu kwa vyombo vyao, na wageni wakaikuta Kilwa ikiwangoja, pamoja na ushuru wake.

Ushuru huo ndio uliojenga. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 alimkuta Sultani Hassan bin Suleiman, na akauhesabu mji huo miongoni mwa miji mizuri aliyoiona. Jumba la Husuni Kubwa, juu ya jabali linaloitazama bahari, lilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogea lenye pande nane. Kilwa ilipiga sarafu zake za shaba zenye majina ya masultani, na mwaka 1944 baadhi ya sarafu hizo ziliokotwa katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Huu haukuwa mji wa wavuvi waliobahatika.

Wala haukuwa mji wa wageni waliojenga huku wenyeji wakitazama, kama vitabu vya wakoloni vilivyodai kwa miaka mingi. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua tabaka juu ya tabaka na kukuta kijiji cha miti na udongo cha karne ya 8, chenye msikiti mdogo wa miti, kikibadilika polepole hadi kuwa mji wa mawe. Mji ulikua kutoka ardhini mwake. Waliokuja kwa bahari walioa na kuhesabiwa wenyeji.

Basi nguvu hizo zilikwenda wapi? Jibu la haraka ni mizinga ya Wareno, na ni kweli kwamba Julai 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa bila vita vya maana, na mwezi uliofuata akaichoma Mombasa. Lakini Kilwa aliyoikuta ilikuwa imeshachoka. Zimbabwe Kuu ilikuwa imefifia karne iliyotangulia, dhahabu ikaanza kufuata njia za kaskazini kuelekea mto Zambezi, na wafanyabiashara wakaanza kupita pembeni ya Sofala. Ndani ya Kilwa kwenyewe, mawaziri na maamiri walikuwa wakiwaweka na kuwaondoa masultani. Wareno walijenga ngome Kilwa, na mwaka 1512 wakaiacha. Walikwishajua kwamba anayeishika Sofala hana haja ya Kilwa.

Kisa cha Malindi kinaniuma zaidi. Vasco da Gama alipopita mwaka 1498, Mombasa ilimtilia shaka, naye akasonga mbele hadi Malindi. Huko alipokewa kwa heshima, akapewa chakula na rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Malindi haikuwa na mapenzi na Ureno. Ilikuwa na ugomvi wa muda mrefu na Mombasa, na ikaona mgeni mwenye mizinga atafaa. Kwa karibu karne nzima Malindi ikabaki rafiki mwaminifu wa Wareno. Mwishoni mwa miaka ya 1580 Mombasa ilipigwa na Wareno na wapiganaji wa Kizimba kutoka bara kwa wakati mmoja, na mwaka 1593 ngome ya Fort Jesus ikaanza kujengwa. Mfalme wa Malindi akapewa zawadi yake: akahamishiwa Mombasa akatawale huko.

Ikawaje Malindi? Wareno walihamia Mombasa pamoja na ofisi yao, biashara ikawafuata, na mji uliowafungulia mlango ukabaki mahame. Ile familia ya kifalme nayo haikupona. Sultani wake, naye Hassan kwa jina, aligombana na Wareno juu ya mapato, akauawa mwaka 1614. Mwanawe Yusuf alichukuliwa hadi Goa, akabatizwa, akarudishwa kutawala, na mwaka 1631 akawageukia waliomlea, akawaua Wareno wa Mombasa na kuiteka ngome. Mwaka uliofuata akaondoka na kuwa mtu wa baharini. Malindi ilifufuliwa na Sultani Majid wa Zanzibar miaka ya 1860.

Si kila mji uliuawa na siasa. Gede, iliyojificha msituni karibu na Watamu, haikutekwa na Mreno. James Kirkman alipoichimba kuanzia mwaka 1948 alikuta kisima karibu na msikiti mkuu kilichoongezwa kina, dalili kwamba maji yalikuwa yakizama. Ongeza vitisho vya vita kutoka bara, na kufikia karne ya 17 watu walishaondoka. Shanga ilikuwa imeachwa mapema zaidi, karibu mwaka 1425, kabla meli yoyote ya Ureno haijaonekana.

Kuhusu Pate tuna shahidi mkubwa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya mji huo na kutunga utenzi wa Al-Inkishafi, akiiambia nafsi yake jinsi dunia inavyohadaa. Namheshimu sana. Lakini mwanahistoria ana swali la pili la kuuliza: biashara ya Pate ilikwenda kwa nani? Karibu mwaka 1812 Pate na Mazrui, watawala wa Mombasa, waliivamia Lamu na kushindwa vibaya huko Shela. Lamu, kwa kuogopa kisasi, ikamwomba ulinzi Seyyid Said wa Oman. Akaja, akaweka liwali na askari, na katika miaka iliyofuata akaimeza pwani yote, Lamu ikiwemo. Ni Malindi tena: jirani alimwogopa jirani kuliko alivyomwogopa mgeni.

Kuna wanaosema miji hiyo ingeungana ingenusurika. Mimi sina hakika sana. Uhuru wa kila mji ndio uliowavutia wafanyabiashara wakati wa amani, maana aliyeonewa Mombasa aliweza kushusha bidhaa zake Malindi. Tabia iliyowatajirisha katika bahari isiyo na mwenyewe iliwaangamiza pale bahari ilipopata bwana anayeuza hati za ruhusa ya kusafiri na kuzamisha vyombo visivyokuwa nazo.

Hata hivyo, walibaki na kitu kimoja hadi karne ya 19: njia za bara. Msafara wa kwenda Ziwa Viktoria ulichukua miezi, na bila kiongozi wa Kiswahili aliyejua visima, lugha na bei za hongo, haukufika. Hilo nalo likaondoka kwa reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na ziwani 1901. Ujuzi wa vizazi ukawa hauna mnunuzi. Mwaka 1905 makao makuu ya serikali yakahamishwa kutoka Mombasa na kuletwa hapa, palipokuwa na kinamasi na karakana za treni.

Watu wa misafara hawakufa na kazi yao. Walijenga kijiji cha Pangani hapa Nairobi, na serikali ilipoanzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, wengi wakajenga huko kwenye viwanja ambavyo ardhi yake haikuwa yao. Pangani ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na baadhi ya waliofukuzwa wakapelekwa Shauri Moyo. Miongoni mwa wenye nyumba wa Majengo walikuwamo wanawake wengi waliosilimu na kujiita Waswahili, wakakodisha vyumba kwa vijana waliotoka kila pembe ya nchi. Katika vyumba hivyo Kiswahili kilipata watu ambao Kilwa haikuwahi kuwatawala. Msikiti wa Riyadha wa Pumwani una jina moja na ule wa Lamu.

Ugomvi wa lango la biashara haujaisha, na safari hii Eastlands imekaa upande wa pili. Baada ya reli mpya ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi kuzinduliwa mwaka 2017, makontena yalianza kupelekwa moja kwa moja hadi bohari la Embakasi. Mwaka 2019 serikali iliagiza kwamba mizigo yote iliyoagizwa kutoka nje kuja Nairobi na bara isafirishwe kwa reli hiyo na kukaguliwa huku. Mombasa iliandamana: malori yalisimama, maghala yakapungukiwa na kazi, na hoja ya watu wa pwani ilikuwa kwamba bandari imeng'olewa ikapandwa mahali pasipo na bahari. Mahakama Kuu ilibatilisha agizo hilo Novemba 2020, na Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba ukaguzi unarudi Mombasa. Treni bado zinashusha makontena Embakasi, lakini sasa mwenye mzigo ndiye anayechagua karatasi zake zipigwe mhuri wapi.